Umeme unakata na kurudi mara tatu chap chap, friza imekufa. Hii ni nini wakuu?

MamaSato_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Niko Igoma hapa Mwanza nina friza mbili za samaki. Juzi ile mvua ya radi iliyotokea ziwani ilivyoanza tu umeme ukakata, sijakaa sawa ukarudi, ukakata tena, ukarudi, wa tatu ndo ukaenda mazima mpaka asubuhi. Friza moja haijawaka tena. Jirani anasema kuna mtu kule sabstesheni (kituo cha umeme) anachezea swichi, mdogo wangu anasema ni rilei, eti kifaa cha kulinda laini. Sasa kama hiyo rilei ni ya kulinda mbona friza yangu imekufa??

mzee_wa_kamanga:
Jirani yako yuko sahihi, wanachezea tu hao 😂

fundi_protekisheni:
Mzee acha utani, hakuna binadamu mwenye mkono wa haraka hivyo. Dada pole sana.

Iko hivi, rilei yenyewe haikati umeme, inaamua tu, anayekata ni breka, ile swichi kubwa ya laini. Laini ya kilovolti 11 au 33 huwezi kuipitisha kwenye kidude cha kwenye paneli kama rilei kwahiyo kuna siti (CT, transfoma ndogo ya kupimia) inashusha, mfano ampea 400 zinakuwa 5, rilei inakaa inazichungulia hizo 5 usiku na mchana. Radi ikipiga, moto unaruka kwenye vikombe vya nguzo, ampea zinapaa ghafla, rilei inaiambia breka fungua, yaani kata. Na hapo inatumia betri za kituoni maana ingetegemea umeme huohuo ulioharibika ingekuwa vichekesho.

Sasa kukata na kurudi, shoti nyingi za laini za juu ni za kupita tu, radi, tawi, au wale makorongo wetu wa jalalani akitanua mabawa akagusa waya mbili (marehemu huyo). Ukikata kidogo ule moto unazimika na laini inakuwa nzima, ndo maana inajirudisha yenyewe. Ikijaribu ikakuta shoti bado ipo inajifunga, hairudi mpaka watu waikague laini. Hiyo ya tatu yako naamini kuna waya ulikuwa chini.

kijana_nyegezi:
Mbona huku kwetu haukukata kabisa?

fundi_protekisheni:
Fidaa tofauti mkuu, yaani laini inayolisha mtaa wenu siyo hiyo. Rilei iliyo karibu na shoti ndo inatakiwa kuwahi, ya nyuma yake inasubiri kama sekunde 0.3 hivi au 0.4, mwenzake akishindwa ndo inakata yeye na hapo ujue giza linakuwa kubwa. Mtu akikosea kuseti huo muda tawi moja la mwembe linazima nusu ya mji.

Kuna rilei nyingine mi naipenda sana ya kwenye transfoma kubwa, inaitwa Buchholz, alibuni Mjerumani mmoja mwaka 1921. Ina boya kama la simtenki, transfoma ikianza kuungua ndani mafuta yanatoa gesi, gesi inapanda inashusha boya, alamu inalia. Shoti ikiwa kubwa mafuta yanasukumwa kwa nguvu, hapo inatripu kabisa, yaani inakatisha umeme. Miaka 100 na ushee bado zinafungwa hadi leo.

MamaSato_Igoma:
Nimeelewa kiasi ila friza yangu je??

fundi_protekisheni:
Rilei ya laini inalinda laini na transfoma dada, friza yako haiijui hata kama ipo. Kompresa ikizimwa ghafla ina presha ndani, umeme ukirudi baada ya sekunde mbili inalazimishwa kuwaka na ule mzigo, inagoma kuzunguka, inavuta umeme mwingi inaungua. Funga friji gadi, ile inasubiri dakika kama 3 ndo inaruhusu umeme.

mzee_wa_kamanga:
Au chomoa ukiona wingu 😂

MamaSato_Igoma:
Wabeja sana. Fundi friji kaja leo kasema hivyohivyo kompresa imeungua, iliyobaki nimeifungia gadi. Na sato wote nimekausha, anayetaka aje.