Paka alizoea kujisaidia nje, tumehamia ghorofani sasa anakojoa ndani. Nimfundishe beseni au choo?

Kidawa_Tabata

Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada kwa yeyote aliyefuga paka ndani ya nyumba isiyo na uwanja. Nina paka dume nimemlea tangu kachanga, sasa anakaribia mwaka, tunamwita Chui. Tulikokuwa tunakaa Kimara kulikuwa na bustani, alikuwa anatoka mwenyewe anaenda kwenye tuta la matembele anachimba anamaliza anafukia anarudi, kusema kweli sijawahi kuona hata kinyesi chake. Sasa tumehamia Tabata ghorofa ya tatu, chini ni pevingi tupu na mageti, hakuna pa kumtoa.

Amekojoa nyuma ya kochi, amekojoa kwenye beseni la nguo chafu, na juzi kaenda godoroni. Nilimnunulia trei na ule mchanga wa dukani wa mfuko wenye marashi, anausogelea ananusa anarudi nyuma, halafu anasimama pembeni anakwangua tailizi kwa mguu wa mbele kama mtu anayetafuta udongo chini yake, mpaka huruma. Jirani kaniambia nimshike nimsugue pua kwenye mkojo wake atakoma. Mama mkwe ndio kasema kabisa apelekwe sokoni aachwe huko, maana mimi ni mjamzito na paka eti anaharibu mimba. Sitaki kumtupa Chui jamani, ni mtoto wa humu ndani. Nimeona pia video za paka wanaokaa kwenye choo cha kukaa kama binadamu, hiyo inawezekana au ni maigizo? Nianzie wapi?

MtuWaKirumba

Pole dada. Kwanza kabisa usimsugue pua, paka haunganishi adhabu na kitendo kilichopita, anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kukuogopa, baada ya hapo atakuwa anatafuta uvungu uliojificha zaidi na wewe utakuja kugundua kwa harufu. Ukimkuta anataka kuchuchumaa mahali pasipofaa mbebe kimya kimya mpeleke kwenye trei, basi.

Pili Chui hana cha kufundishwa kuhusu kuchimba na kufukia, hilo anazaliwa nalo, umeshaona mwenyewe anakwangua tailizi. Anachokosa ni udongo anaoujua. Huo mchanga wa marashi kwetu unanukia vizuri ila pua ya paka ni kali mno kuliko yetu, kwake ni kero. Weka pembeni usiutupe. Tafuta mtu akuletee udongo wa bustani, ukiweza kule kule Kimara, uanike ukauke vizuri jaza kwenye beseni kina cha vidole vitatu au vinne hivi. Chukua na donge la kinyesi chake ulizike humo au ile tishu uliyofutia mkojo, ili akinusa aelewe hapa ndipo. Akishatumia udongo bila shida unaanza kuchanganya kidogo kidogo na kitu utakachokuwa unakipata kwa urahisi hapo mjini, kila siku chache unapunguza udongo unaongeza kile kingine, ukiona amesita unarudi nyuma hatua moja. Usimbadilishie ghafla.

Mimi natumia maranda, yale laini yanayotoka kwenye msumeno, karakana nyingi wanakupa bure au kwa hela ya soda. Yananyonya mkojo vizuri na harufu ya mbao inaficha. Ila uliza kabisa mbao gani, usikubali maranda ya zile mbao za dawa zilizotibiwa zisiliwe na mchwa, zile zina sumu na paka analamba miguu yake kutwa nzima. Pumba za mpunga nilijaribu, nyepesi sana zinaruka sebule nzima na mkojo unapita tu mpaka chini. Mchanga wa mto mzuri ila mzito kubeba mpaka ghorofa ya tatu. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi haukauki.

Trei yenyewe wengi wanakosea kwenye saizi. Paka anataka ajigeuze humo ndani, kwa hiyo urefu uwe mara moja na nusu ya mwili wake, zile trei za dukani nyingi ni za vitoto. Nunua beseni kubwa la plastiki la kufulia, bei ndogo na linatosha. Liwe wazi juu, na liwe mahali patulivu, sio mlangoni watu wanapopita wala karibu na mashine ya kufulia inayonguruma. Na chakula chake kisikae hapo, hakuna paka anayekula chooni.

Siku za mwanzo mfungie kwenye chumba kimoja kidogo, beseni upande huu, maji na chakula upande ule, na kitambaa chake cha kulalia. Akishazoea unamfungulia nyumba chumba kwa chumba. Na toa uchafu kila siku asubuhi na jioni, paka msafi anayekuta choo kichafu anaenda kwenye kochi lako.

Njiro_Boy

Hiyo ya choo cha kukaa sio maigizo, inawezekana na ya kwangu aliweza. Na wala sio mambo ya TikTok, kuna mpiga besi wa jazz wa Marekani Charles Mingus miaka mingi iliyopita alimfundisha paka wake aitwaye Nightlife kwa boksi lenye vipande vya gazeti, akawa analisogeza polepole mpaka chooni, halafu juu ya choo, halafu analikata tundu, mwisho boksi linaondoka. Njia ni ile ile mpaka leo.

Unaanza beseni likiwa sakafuni pembeni ya choo. Akilizoea unalinyanyua taratibu, tofali moja, wiki nyingine jingine, mpaka liwe sawa na kikalio cha choo. Kisha unaweka kibeseni chembamba ndani ya choo chini ya kikalio, mchanga kiasi, apande mwenyewe. Kisha tundu dogo katikati, unalipanua, unapunguza mchanga. Matofali yawe imara yasicheze, maana akitikisika siku moja tu umerudi mwanzo. Kikalio kibaki chini na mlango wa choo uwe wazi muda wote, familia nzima wakumbuke, hapo ndipo penye kazi kuliko paka mwenyewe. Faida yake ni kubwa, hakuna maranda, hakuna kubeba mizigo ngazini.

Mifugo_Moro

Mimi ni mtu wa mifugo, naomba niseme hapa. Njiro ameeleza sawa jinsi inavyofanyika lakini dada kwa hali yako nisingekushauri. Paka anayekojoa chooni moja kwa moja unapoteza njia ya kujua afya yake. Kwenye maranda au mchanga unaona leo amekojoa mabonge mangapi, makubwa au madogo, kuna damu au hakuna. Chooni kimeingia majini kimepotea. Halafu paka kusimama kwenye ukingo unaoteleza bila kuchimba wala kufukia ni kumnyima kitu cha asili yake, na akizeeka viungo vikiuma ndio anaanza tena kukojoa sakafuni. Kingine, vimelea vilivyomo kwenye kinyesi cha paka vikiingia kwenye maji taka vinaweza kufika mpaka baharini, kule California vimeua fisi maji wa baharini.

Sasa twende kwenye lililo muhimu zaidi. Chui ni dume wa karibu mwaka. Je amehasiwa? Na anakojoaje? Mwangalie kwa makini. Kama anachuchumaa na anaacha kidimbwi sakafuni au kitandani, hiyo ni haja ya kawaida, shida ni mahali, fuata maelezo ya MtuWaKirumba. Kama anasimama wima, mgongo kauelekezea ukuta au kochi, mkia juu unatetemeka kwenye ncha, anarusha kidogo tu, huyo anaweka alama ya mipaka yake na beseni halitamtibu, hasa kama kuna mashume wengine anaowasikia huko chini. Hapo dawa ni kumhasi, madume wengi wanaacha baada ya hapo.

Na kuna la tatu ambalo usilichukulie poa hata saa moja: akiwa anaingia kwenye beseni mara kwa mara, anajikamua, analia, analamba uume wake na hakuna kinachotoka au yanatoka matone yenye damu, njia imeziba. Dume njia yake ni nyembamba sana. Huyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu kwa sumu inayorudi mwilini. Sio paka mkorofi, ni mgonjwa, anapelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kumkinga, apate majimaji ya kutosha, kama anakula dagaa wakavu waloweke, ugali wake utie supu isiyo na chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa paka.

Kuhusu mimba, mama mkwe wako hajatunga uongo ila njia ya kutatua sio sokoni. Kimelea kinaitwa toksoplazma. Paka anakipata kwa kula panya au nyama mbichi, anakitoa kwenye kinyesi kwa kama wiki moja mpaka tatu anapoambukizwa mara ya kwanza, baada ya hapo kwa kawaida basi. Na kinyesi kikitoka hakiambukizi papo hapo, vile vijiyai vinahitaji siku moja mpaka tano kuiva. Kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku umeshakata njia kubwa. Wewe usiliguse kabisa, kazi hiyo ya baba watoto, akikosekana vaa glovu na unawe kwa sabuni. Mpe Chui vyakula vilivyopikwa tu, hata utumbo wa kuku uchemshe. Na wewe mwenyewe mishikaki isiyoiva na mboga zisizooshwa ziache, watu wengi toksoplazma wanaipatia huko. Mweleze na nesi wa kliniki kwamba nyumbani kuna paka.

Bi_Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nakaa nyumba ya ghorofa mjini Unguja na paka wangu wawili, nnawawekea mabeseni matatu, maana wapo wasiokubali kuchangia. Nilitaka kusema la usafi, kwa sababu sie twasali ndani. Paka mwenyewe si najisi, anapita mbele ya mswala, anakunywa maji chomboni hana neno, lakini mkojo wake ni najisi na lazima utoke hasa. Na usipotoka vizuri atarudi pale pale, anaisikia harufu wakati wewe huisikii tena.

Usisugue, utausukuma ndani. Bandika kitambaa kikavu ukanyage kwa mguu kinyonye, badilisha, mpaka kitoke kikavu. Kisha siki kwa maji nusu kwa nusu, uache, unyonye tena. Halafu nyunyiza bekin soda ilale usiku kucha, asubuhi uipanguse. Zile sabuni za unga zenye enzaimu ndio bora kwa harufu. Mwisho maji safi, na godoro litoke juani. Jiki usimwage juu ya mkojo, moshi wake unachoma kifua na wewe una mimba. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini usioshee beseni la paka, ni sumu kwake. Sabuni ya kawaida na maji moto yatosha.

Mswala na nguo chafu usiviache chini mpaka atulie.

Kidawa_Tabata

Asanteni sana sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu bandiko lote na amekubali beseni ni lake. Nimemchunguza Chui leo, anachuchumaa kabisa na mkojo ni mwingi wa kawaida, hasimami ukutani. Hajahasiwa. Udongo mdogo wangu analeta kesho kutoka Kimara kwenye lile lile tuta. Maswali mawili: kinyesi tukitupe wapi, tumwage chooni? Na kuhasi nisubiri kwanza azoee beseni au nimpeleke sasa?

Mifugo_Moro

Chooni hapana, mbali na hao vimelea, maranda na udongo vitaziba bomba na ghorofa nzima watakuja kwako. Funga kwenye mfuko, kwenye taka. Kuhasi umri wake umeshafika, kwa kawaida kuanzia miezi minne mpaka sita inawezekana, lakini kwa kuwa hana dalili ya kuweka alama mpe kwanza atulie kwenye makazi mapya, akishatumia beseni vizuri ndio umpeleke, usimchanganyie mambo mawili. Siku ya kwenda usimbebe mikononi kwenye bajaji, mtie kwenye tenga lenye mfuniko, utandike kitambaa chake cha kulalia, na asile chakula usiku wa kuamkia upasuaji kama daktari atakavyokuelekeza. Akirudi na kidonda badala ya maranda mwekee vipande vya gazeti kwa siku kadhaa, vumbi lisiingie.

MtuWaKirumba

Na huo udongo dada mwambie mdogo wako auchunge kwa chekecheo kwanza, matuta ya matembele yana siafu.