Gari la umeme kwa msaada wa serikali: nichukue au niache?

Kutoka: Lille

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kilomita ishirini na kitu kutoka ninapokaa. Basi la mwisho linapita mapema mno kwa zamu yangu, na dizeli yangu ya zamani kila mwezi ina ugonjwa mpya. Mwenzangu kazini ameniambia kwamba tangu 30 Septemba 2025 serikali ya Ufaransa imefungua tena ile lizingi ya kijamii ya magari ya umeme, yaani kukodi gari kwa mkataba: unapewa gari jipya na kila mwezi unalipa kiasi ambacho hata mshahara wangu unakiweza.

Nimempigia mama huko Lubumbashi, Kongo, anasema nisiguse, pesa ya serikali ina mkia. Na hapa kundini kuna yaya (dada mkubwa) mmoja aliwahi kusema ruzuku za magari haya zinamnufaisha tajiri kwa kodi ya maskini. Sasa nataka kujua mambo mawili. Nichukue? Na je, ni haki serikali kumlipia mtu gari?

Kutoka: Liège

Mdogo wangu, yaya huyo ni mimi, na neno langu liko palepale. Ila nililalamikia kitu kingine, tusivichanganye.

Mimi nafanya usafi wa ofisi hapa Liège, Ubelgiji. Tunaingia jioni kupitia maegesho ya chini ya ardhi, na pale unajionea mwenyewe: magari ya umeme yamepangwa ukutani, kila moja limechomekwa waya wake, taa ndogo ya kijani inawaka. Karibu yote ni ya kampuni. Ubelgiji ruzuku kubwa haipiti mkononi mwa mnunuzi, inapita kwenye kodi. Kwa sheria ya 2021, gharama ya gari la kampuni lisilotoa moshi inapunguzwa yote kwenye hesabu ya kodi, na la petroli au dizeli likiagizwa kuanzia 2026 kampuni haipunguziwi kitu. Kwa hiyo mwenye cheo cha kupewa gari analipata, na mara nyingi chaja ya nyumbani inafuata. Mama anayekuja na basi saa kumi na moja jioni kupangusa meza zao analipa kodi ileile na hapati hata msumari. Flandria, kaskazini mwa nchi, walimjaribu mtu binafsi: mwaka 2024 walitoa hadi euro 5,000 kwa gari jipya na 3,000 kwa lililotumika, lakini Novemba mwaka huohuo serikali mpya ikafunga dirisha. Huku Wallonie, kusini ninakokaa, mtu kama mimi hana ruzuku ya kununua.

Watetezi wananiambia nisubiri, magari ya kampuni yatauzwa baada ya miaka minne au mitano na mimi nitayapata kwa bei ya chini. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Lakini angalia Norway walivyofanya. Walisamehe magari ya umeme kodi ya ongezeko la thamani tangu 2001, na mwaka 2024 karibu magari 89 kati ya kila 100 mapya yaliyouzwa kwao yalikuwa ya umeme. Walipoanza kurudisha kodi mwaka 2023, waliitoza kwenye sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Walianza na gari la bei kubwa. Huo ndio mpangilio ninaoutaka: pesa ya umma impate kwanza mtu ambaye bila gari hafiki kazini, na ikipungua ianze kupungua juu.

Lizingi unayoulizia imepangwa hivyo. Katika awamu hii ya 2025 mapato yako ya karatasi ya kodi, yakigawanywa kwa mafungu ya familia (kodi ya Ufaransa huyahesabu kwa watu wa nyumbani), yasizidi euro 16,300 kwa fungu. Uwe unakaa zaidi ya kilomita 15 kutoka kazini na unakwenda na gari lako, au gari lako linazidi kilomita 8,000 kwa mwaka kwa sababu ya kazi. Msaada unafika hadi euro 7,000 kwa gari, na mkataba ni wa miaka mitatu angalau. Wewe, kwa ulivyoeleza, umo ndani. Chukua, na usikawie: mwaka 2024 walifungua tarehe 1 Januari, wakapokea maombi mengi kuliko walivyopanga, katikati ya Februari wakafunga, watu wapatao 50,000 wakiwa wamepata. Safari hii pia hesabu ni 50,000.

Sasa mambo ambayo muuza magari hatakuambia kwa hiari yake.

Karatasi ya kodi kwanza. Hapo ndipo watu wetu wengi wanaponyimwa, na nataka usome taratibu. Ufaransa, pesa unayomtumia mama kila mwezi unaweza kuiondoa kwenye mapato yako, hata kama anakaa Lubumbashi, mradi yeye ni mhitaji na wewe una ushahidi. Sheria yao inasema mtoto ana wajibu kwa mzazi wake. Kwa hiyo mapato yako ya karatasi yanashuka, na mtu aliyekuwa amezidi kidogo anaweza kuingia. Lakini ni mzazi, au mtoto wako. Ada ya shule ya mdogo wako haihesabiwi, kodi ya nyumba ya shangazi haihesabiwi, hata ungekuwa wewe ndiye unayemlisha. Najua inauma, kwetu hakuna anayegawanya familia hivyo. Tunza kila risiti ya kutuma, yenye jina la mama na si la jirani anayempokelea. Hii haitabadilisha karatasi uliyo nayo leo, ila itabadilisha ya mwaka ujao, na gari ni moja tu kati ya vitu vinavyohesabiwa kwa karatasi hiyo.

Pili, utachaji wapi? Ukiwa mpangaji mwenye nafasi ya kuegesha, sheria ya Ufaransa inakupa haki ya kuomba kuwekewa chaja pale kwa gharama yako, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu nzito. Kama huna nafasi ya kuegesha, fanya hesabu upya kabisa, kwa sababu chaja za haraka za barabarani zinaweza kula faida yote. Halafu wewe unafanya kazi usiku. Saa za umeme rahisi kwa kawaida ni za usiku, wakati gari lako liko kazini. Kuanzia 1 Novemba 2025 wanahamisha baadhi ya saa hizo mchana, nyumba kwa nyumba, hadi 2027. Uliza kampuni yako ya umeme mita yako itaguswa lini. Na uliza kazini kama kuna tundu la umeme nje, usiogope kuuliza.

Tatu, gari si lako. Kilomita zina kikomo, mkwaruzo wa mwisho wa mkataba unalipwa, bima ni juu yako. Siku ya kulichukua lipige picha pande zote, hata chini ya bampa. Na baridi ya kaskazini inapunguza umbali wa betri, usiamini namba ya kwenye tangazo.

Kutoka: Hannover

Yaya amemaliza, naongeza moja tu: uliza pesa inatoka *lini*.

Huku Ujerumani serikali ilianza kutoa bonasi kwa wanunuzi wa magari ya umeme mwaka 2016, ikatumia karibu euro bilioni 10 kwa magari zaidi ya milioni mbili. Mahakama ya Katiba ikaamua tarehe 15 Novemba 2023 kwamba serikali haikuruhusiwa kuhamishia euro bilioni 60 kwenye mfuko wa tabianchi, na mwezi uliofuata bonasi ikasimamishwa: ilitangazwa Jumamosi, maombi ya mwisho yakawa Jumapili, tarehe 17 Desemba. Ombi lilikuwa haliandikwi mpaka gari liwe limesajiliwa. Aliyeagiza tangu kiangazi na gari bado liko kiwandani alibaki na mkataba wa bei kamili. Baadhi ya watengenezaji walifidia kwa pesa zao, lakini hawakulazimika.

Mwaka 2024 mauzo ya magari ya umeme yakaanguka kwa 27%. Wanaosema ruzuku haina kazi waitazame namba hiyo. Mimi najifunza kwamba kuikata ghafla ni kubaya kuliko kutoitoa. Canada nako, mpango wa serikali kuu wa dola 5,000 ulisimama Januari 2025 kwa sababu mfuko ulikauka, na Marekani punguzo la dola 7,500 lilikufa 30 Septemba 2025, siku ileile Ufaransa ilipofungua. Kwa hiyo mdogo, kabla ya kusaini, muuzaji aandike kwenye mkataba: msaada usipotoka, mkataba umevunjika na hakuna faini.

Kutoka: Lubumbashi, Katuba

Wanangu, jambo. Mjukuu amenisomea barua zenu zote, na mimi naomba nafasi.

Nimekuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka pensheni. Hapa Katuba umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, mara nyingi unarudi usiku wa manane. Ukirudi, nyumba nzima inaamka: huyu anapiga pasi sare za shule, yule anawasha pampu, simu zote zinapangwa kwenye tundu moja. Kuna laini ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, iliyojengwa kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji na vijiji, na umeme wake ni wa aina isiyoweza kuchotwa njiani bila kituo kikubwa cha kuubadilisha. Nimeishi nikiijua laini hiyo, kwa hiyo mkiniambia habari ya gari la umeme sikasiriki, nauliza tu.

Zaidi ya 70% ya kobalti, madini ya kutengenezea betri, inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu, mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Bei ilianguka mpaka serikali yetu ikafunga kuuza nje tarehe 22 Februari 2025. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 wameweka vipimo vya kuuza nje: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka huo, kisha 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyohivyo 2027. Kwa sheria ya madini ya 2018 mrabaha wa kobalti (malipo ya mgodi kwa serikali) ni 10%, na katika huo 25% ni ya mkoa, 15% ya mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Mgodi wa Ruashi uko humuhumu mjini. Nendeni mkatembee Ruashi mvua ikianza, mtazame barabara, mniambie hiyo 15% imekanyagwa wapi.

Swali langu ni hili. Huko serikali inamsaidia mtu kununua betri. Je, katika fomu ile ya kuomba, kuna mahali wanapouliza aliyechimba alilipwa nini?

Kutoka: Liège

Tata, baba yetu wa Katuba, shikamoo, na asante kwa kuuliza waziwazi. Jibu ni hapana.

Ufaransa kwa ruzuku zake wanaangalia alama ya mazingira ya gari, tangu mwisho wa 2023: chuma, alumini, betri, kiwanda, usafiri wa meli, vyote vimepimwa kwa kaboni. Ndiyo maana magari mengi yaliyotengenezwa China yalitoka kwenye orodha. Walipotaka kulinda viwanda vyao walipata kipimo. Mtu mwenye koleo hana alama yoyote kwenye hesabu hiyo. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya betri mwaka 2023 inayowalazimu wauzaji kuchunguza madini yao yanatoka wapi na katika hali gani. Wajibu huo ulikuwa uanze Agosti 2025, wakausogeza hadi Agosti 2027.

Hili ndilo linalonikera kuliko hata magari ya kampuni. Pesa ni ya umma, yangu imo. Mtu binafsi akinunua betri hawezi kufuatilia gunia mpaka Kolwezi. Serikali inayolipa maelfu ya euro kwa kila gari inaweza, na inaweza kusema: bila ushahidi wa mgodi, hakuna ruzuku. Wabunge tunaowapigia kura huku tunawajua kwa majina, na wengi wetu tuna uraia. Mimi nimeanza kumwandikia wangu, nitawatumia barua ili anayetaka aitumie kwa jina lake.

Ila, Tata, tusijidanganye upande mmoja. Magari mengi ya bei nafuu sasa yanatumia betri za chuma na fosfeti ambazo hazina kobalti hata chembe. Hata hilo la mdogo wetu wa Lille linaweza kuwa hivyo. Kobalti ikipanda sana wenye viwanda wanahama, kwa hiyo hivyo vipimo vya Kinshasa vina makali pande mbili. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa kituo cha utafiti wa betri, na mwaka huohuo Kongo na Zambia walisaini makubaliano ya kutengeneza betri pamoja. Hayo ndiyo ningependa vijana wa huko watuandikie yamefika wapi, kwa sababu anayeuza unga wa kobalti peke yake hana sauti juu ya bei.

Kutoka: Lille

Asanteni sana, wakubwa wangu. Tata, nimekusikia.

Nimetazama karatasi yangu ya kodi: fungu langu liko chini ya 16,300, na kazini ni zaidi ya kilomita 15. Nafasi ya kuegesha ninayo, mwenye nyumba nimemwandikia leo kuhusu chaja. Jumamosi naenda kwa muuzaji na sharti la kaka wa Hannover likiwa limeandikwa tayari, asiposaini naenda kwa mwingine.

Kwa mama nimekuwa nikituma kwa jina la binamu, kwa sababu yeye ndiye mwenye simu ya kupokelea. Kuna mtu hapa anayejua wakala wa mitaa ya Katuba au Kenya, huko Lubumbashi, anayempa mama mzee pesa kwa kadi ya mpiga kura, bila simu? Risiti inapaswa kuwa na jina lake kabla mwaka haujaisha.