Karakana tunasahihisha, modeli haibadiliki. Kosa lile lile mpaka lini?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha imekuwa kali anivumilie. Niko upande wa karakana ya vyuma. Tunapokea modeli ya BIM, yaani jengo lililochorwa kwenye kompyuta kwa vipimo vitatu pamoja na taarifa za kila kipande, kutoka kwa wasanifu na wahandisi, tunaitolea michoro ya kukatia na kutobolea, mafundi wanaanza kazi. Makosa kwenye modeli nimeshayazoea, kila kazi ya binadamu inayo. Kinachonipandisha presha ni kosa tulilolikamata, tukaliandikia maelezo, tukalirekebisha kwa gharama zetu, halafu mradi unaofuata linarudi vile vile, kutoka ofisi ile ile, kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno.

Chukueni kiungio cha boriti na nguzo. Kwenye skrini kinapendeza: bamba la pembeni, boliti nne za M20 (kipenyo milimita 20), matundu ya milimita 22 kama inavyotakiwa, vibamba vya kukazia juu na chini. Fundi akikiona anauliza swali moja tu: spana inapita wapi? Kati ya boliti ya juu na kibamba cha kukazia nafasi iliyobaki haitoshi hata kuzungusha nati robo mzunguko. Na hapo bado hujaiingiza boliti yenyewe, maana nyuma kuna ubavu wa nguzo uliokaa karibu kuliko urefu wa boliti, kwa hiyo hakuna pa kuisukumia. Kwenye kompyuta boliti inatokea tu mahali pake kama jini. Kazini lazima iingie kwa upande mmoja, ishikwe, ifungwe nati, ikazwe.

Ukilalamika unajibiwa: "Tulishakagua migongano, ripoti ni safi." Ni safi kweli, sibishi. Programu inaangalia kama bomba limepita ndani ya boriti, au bamba limeingia ndani ya bamba. Mkono wa fundi haumo kwenye modeli. Tochi ya kuchomelea haimo, wala mwinamo inaohitaji ili moto ufike kwenye shina la kiungo. Nafasi ya kufanyia kazi haijachorwa, sasa programu itaigongesha na nini?

Zipo nyingine. Nguzo za boksi zimezibwa bamba juu na chini, hazina hata tundu la kupumulia, na pembeni pameandikwa zichovywe kwenye zinki. Zinki iliyoyeyuka ina joto la nyuzi 450 hivi. Unyevu ulionaswa ndani ya chuma kilichozibwa unageuka mvuke, na kipande kinaweza kulipuka mbele ya watu. Hili si siri ya ufundi, kila mwongozo wa kuchovya zinki unalisema. Basi tunatoboa sisi, tunaomba idhini, tunapewa kwa shingo upande, na bado saiti tunaulizwa nani ametoboa nguzo. Boriti nayo imechorwa urefu sawasawa na nafasi kati ya nguzo mbili, bila hata milimita moja ya kupenyea. Winchi ikiinyanyua, itaingiaje?

Na bati la kukunja ndiyo msiseme. Kona inachorwa kali, haina mviringo wowote, na urefu wa bati bapa unapatikana kwa kujumlisha pande mbili. Bati likikunjwa linavutika upande wa nje na kubanwa upande wa ndani, kwa hiyo urefu sahihi unategemea unene wake, aina ya chuma na upana wa kalibu ya mashine. Tundu likiwekwa karibu mno na mstari wa kukunjia linavutika, linakuwa na umbo la yai, skrubu haikai. Karakana yoyote makini ina jedwali lake la kukunjia. Letu tulilituma. Likaishia kwenye barua pepe ya mtu mmoja ambaye baadaye alihama ofisi.

Sasa nieleze maoni yanavyokufa, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Tunaona kosa, tunatuma swali la ufafanuzi. Zinapita siku huku mashine imesimama. Jibu linakuja: "Rekebisheni, mtuletee mchoro tugonge muhuri." Tunarekebisha kwenye mchoro wa karakana, wanagonga muhuri kwenye PDF, kazi inaendelea. Modeli hakuna aliyeigusa. Jengo linakamilika, mwenye jengo anakabidhiwa modeli inayoitwa "kama ilivyojengwa", na ndani yake nguzo bado hazina matundu na kiungio bado ni kile kisichofungika. Kibaya zaidi, kiungio chenyewe kimetolewa kwenye maktaba ya vipengele ya ofisi. Hata wangekisahihisha kwenye mradi ule, kilichopo maktaba kinabaki kibovu, na kijana mpya ataenda kukichukua hapo hapo kwa mradi mwingine.

Mtu asiniambie haya ni mambo madogo ya mafundi. Mwaka 1981 hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, madaraja ya ndani ya kupitia watu yalianguka, wakafa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu zilizoshikilia madaraja mawili, moja juu ya jingine. Kuziunda kulitaka fimbo ikatwe hesi sehemu kubwa ya urefu wake ili nati ya daraja la juu ipande mpaka mahali pake. Upande wa karakana ukaleta wazo la kugawa fimbo mbili: ya juu ishike daraja la juu, na la chini lining'inie kwenye daraja la juu. Kuunda kukawa rahisi, ila mzigo kwenye kiungio cha daraja la juu ukawa maradufu. Mchoro ukapitishwa bila mtu kurudi kwenye hesabu. Uchunguzi ukaonyesha hata mpangilio wa mwanzo haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule. Maoni ya karakana yalikuwa ya kweli, mchoro ule ulikuwa kero kuuunda. Yalipokelewa kama karatasi ya kugongwa muhuri.

Najua mtakalosema. Kwanza, mhandisi akichora mpaka hatua ya mwisho anabeba dhima ambayo mkataba haujamlipia. Hapo nakubali, na ndiyo maana kuna viwango vya LOD, yaani modeli imechorwa kwa undani kiasi gani: 300 ni ya usanifu, 400 ndiyo ya kuundia. Ila sijamwomba anichoree LOD 400. Nimemwomba akishaambiwa kwamba spana haipiti, asinirudishie kitu hicho hicho. Pili, kuna karakana zinazorekebisha kimya kimya ili kazi iende na hazimwambii mtu. Zipo, na zinatuharibia. Anayenyamaza leo asilalamike kesho.

Vifaa tunavyo. BCF, aina ya faili ya kutumiana matatizo ya modeli, ipo kwa kazi hii hii: unatuma tatizo likiwa limebeba namba ya utambulisho ya kipengele na pembe ya kutazamia, mwenzako anabofya anatua juu ya boliti yenyewe badala ya kuhangaika na picha ya simu. Modeli za IFC, aina ya faili isiyofungwa kwa programu ya kampuni moja, zinafunguka kwenye programu yoyote ya maana. Nafasi ya spana na ya tochi inaweza kuchorwa kama kipande kisichoonekana, ukaguzi wa migongano ukaihesabu kama chuma. Umbali wa tundu kutoka ukingoni unaweza kuwekwa kama sharti ndani ya kipengele: Eurocode 3, kanuni za Ulaya za usanifu wa miundo ya chuma, inataka usipungue mara 1.2 ya kipenyo cha tundu, kwa hiyo tundu la milimita 22 linahitaji walau 26.4. Mchoraji akisogeza karibu zaidi, programu imkatalie pale pale. Umbali kutoka mstari wa kukunjia vile vile. Hakuna hata kimoja hapo kinachosubiri uvumbuzi.

Kinachokosekana ni mtu mwenye kazi hiyo. Kila ofisi niliyofanya nayo kazi ina anayesimamia modeli, lakini ukiuliza nani anarudisha masahihisho ya karakana kwenye maktaba, watu wanatazamana. Mradi umeshafungwa, saa za kazi zimeisha, mradi mwingine unagonga mlango.

Kwa hiyo swali langu ni kwa wale walioko upande wa usanifu, na naomba majibu ya kweli, nadharia za semina nimeshazisikia: kuna ofisi yenu yoyote ambayo saa za kusahihisha maktaba baada ya mradi zimo kwenye bei ya kazi? Kama zipo, analipa nani, mteja au ofisi? Na kwenye mkataba mliandikaje mpaka karakana ikapewa haki ya kuingia mapema, kabla modeli haijafungwa? Wekeni hapa, maana Jumatatu nina kikao na hawa jamaa na sitaki kwenda mikono mitupu.