Chokoleti ya moto nzito ya Kifaransa: ya kopo, kakao ya unga au chokoleti ya kuvunja?

njombe_baridi
Wadau habari za jioni. Huku kwetu Njombe mwezi huu wa saba ukitoka nje alfajiri unakuta umande umeganda kwenye majani, chai tumekunywa mpaka tumechoka. Sasa dada yangu anayeishi Lyon alikuja likizo akatupikia chokoleti ya moto ya kwao huko, aisee si ile tuliyoizoea, hii ilikuwa nzito inashika kwenye kijiko, nyeusi, sukari kwa mbali, kikombe kidogo tu unakaa kimya unatafakari. Kaondoka bila kuniachia vipimo, nikimuuliza kwenye simu anasema "unaweka tu kwa macho". Kwa macho gani jamani.

Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza ile ya kopo ya kukoroga, nikaongeza vijiko kutoka viwili mpaka vitano, uzito sikuupata nilipata sukari. Ya pili kakao ya unga isiyo na sukari nikaitia konflawa, ikawa nzito kweli lakini mume wangu kaonja akauliza huu uji una nini. Ya tatu nimenunua chokoleti ngumu pale wanapouza vitu vya keki, ile ya bei rahisi, nikayeyusha kwenye maziwa, mafuta yakaelea juu kama supu ya mbuzi. Nani amewahi kuipatia? Njia ipi ina maana kwa hela ya kawaida?

tanga_mpaka_lyon
Dada pole, na mimi siye dada yako kabla hujauliza 😂 ila niko mji huohuo mwaka wa saba sasa.

Kwanza nikutoe wasiwasi, Wafaransa wenyewe asubuhi nyumbani wanakunywa ya unga kama sisi, mtoto anawekewa kwenye bakuli anachovya mkate. Hiyo nzito ni ya kukaa mezani, ya saa kumi jioni au ya kwenye nyumba za chai. Ile maarufu kuliko zote iko Paris, Angelina, barabara ya Rivoli, wapo tangu 1903, na chokoleti yao wameipa jina l'Africain, Mwafrika, kwa sababu ya kakao ya kwetu. Inakuja kwenye jagi dogo, krimu iliyopigwa wanakuwekea pembeni kwenye kibakuli unaongeza mwenyewe. Nimepanga foleni pale na baridi, nikamaliza nusu jagi nikashindwa.

Kuhusu ya kopo, hata ukitia vijiko kumi haitafika. Ulaya kuna sheria ya mwaka 2000 inasema unga ukiuzwa kwa jina la chokoleti ya kunywa kakao isipungue asilimia 25, na ule wanaouita chokoleti ya unga isipungue 32. Fanya hesabu kinachobaki ni nini. Ni sukari. Kwa hiyo ulivyokuwa unaongeza vijiko ulikuwa unaongeza sukari.

Navyofanya mimi kwa watu wanne wa vikombe vidogo: maziwa yenye mafuta yake nusu lita, chokoleti nyeusi ya asilimia 65 au 70 gramu 150, sukari ya kahawia kijiko kimoja, chumvi chembe tu unayoweza kuibana kwa vidole viwili. Chokoleti ikatekate na kisu iwe vipande vidogo. Maziwa yapashe mpaka uone vipovu pembeni mwa sufuria, yasichemke, toa kwenye moto, mimina kidogo juu ya chokoleti kama theluthi hivi, acha dakika moja usiguse. Halafu koroga kuanzia katikati, mwanzo itaonekana imeharibika, endelea, itashikana ing'ae. Ndipo unamalizia maziwa, unarudisha kwenye moto mdogo kabisa unapiga na kile cha waya cha kupigia mayai dakika tano mpaka nane. Itakuwa nzito yenyewe, maji ya maziwa yanapungua na kakao yenyewe ina wanga wake kidogo. Konflawa ya nini?

keki_na_mambo
Naomba niongelee ile njia ya tatu maana watu wengi wanalaumu chokoleti bure. Mimi naoka keki Dar, hiyo uliyonunua kwa bei rahisi nina hakika ni ile ya kupambia keki. Geuza pakiti soma lebo, kama kwenye viungo wameandika mafuta ya mawese au mafuta ya mimea na hakuna siagi ya kakao, hapo hakuna chokoleti mama, hapo kuna sukari, unga wa kakao na mafuta. Kwenye keki ni nzuri sana tena inaganda haraka kwenye joto letu, naitumia kila siku sina ugomvi nayo. Ila kwenye kinywaji inakusaliti, mafuta yake yanabaki kwenye ulimi kama umelamba mshumaa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto kama nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo wako, ndo maana chokoleti ya kweli haiachi utando.

Kama uwezo ni wa pakiti moja kwa mwezi nunua ya kweli, pika kidogo. Bora kikombe cha kahawa cha kitu cha maana.

limuru_mtu
Wasee mbona konflawa inatukanwa hivi. Mimi niko Limuru na baridi ya huku mnaijua, asubuhi sina dakika nane za kusimama juu ya sufuria nikipiga maziwa kama nimeajiriwa. Venye nafanya: kikombe cha maziwa, kakao ya unga vijiko viwili vya mezani, sukari kimoja, konflawa nusu kijiko cha chai, HIYO NUSU NI MUHIMU, naikoroga kwanza na maziwa baridi isifanye mabonge, maikrowevu sekunde 40, natoa nakoroga, narudisha, mara tatu hivi mpaka iwe nzito. Mwisho natia vipande viwili vitatu vya chokoleti nyeusi vikiyeyuka ndani. Imeisha. Na si ati ni uchawi, Waitaliano yao wanaweka wanga, Wahispania pia kuna chokoleti wanauza ya kunywa ikiwa na unga ndani tayari. Njombe wewe uliweka ngapi?

njombe_baridi
Vijiko viwili vya mezani 🙈

limuru_mtu
Haiya. Hio ni gundi. Ungebandika wallpaper nayo.

bi_hiliki
Wanangu mimi wa Unguja, huku baridi hatuna lakini mvua za masika zikikaa siku nne mtu anatamani kitu cha moto kisichokuwa chai. Nimesoma hapo juu nimecheka, hebu nikwambieni kwa lugha ya jikoni. Kakao ya unga ni machicha. Ndiyo, machicha. Mholanzi mmoja Van Houten mwaka 1828 kule Amsterdam aliipatia hati mashine ya kukamulia, kakao inakamuliwa mafuta yake yanatoka, linalobaki likisagwa ndo unga. Kama nazi vile, ukishakamua tui machicha utayapika nini? Harufu inabaki, rangi inabaki, utamu wa mafuta umekwenda zake. Na kabla ya hiyo mashine hao Wafaransa na Wahispania wote walikuwa wanakunywa na mafuta yake, ile nzito ndo ya kizamani.

Sasa kama unayo kakao ya unga tu, mrudishie mafuta. Mimi natia tui zito la kwanza, nusu maziwa nusu tui, vijiko vitatu vya kakao kwa nusu lita, moto mdogo na mkono usitoke maana tui likichemka kwa nguvu linakatika. Ikiiva iweke chini uipekeche. Nimewahi kuona picha ya birika zao za zamani za chokoleti, kifuniko kina tundu katikati, kijiti kinapita pale, unakizungusha kwa viganja viwili povu linapanda. Nikasema mbona huku ni kupekecha tu, sisi tulikuwa hatuna hiyo birika.

Halafu iliki mbili na kipande cha mdalasini.

tanga_mpaka_lyon
Bi Hiliki shikamoo, hiyo ya machicha nimeikubali nitaiiba. Ila iliki hapana! Ukitia iliki si ya Kifaransa tena, ni tamu lakini ni kitu kingine. Wao vanila basi, na chumvi. Kwangu mimi tatizo la tui ni kwamba nazi inameza chokoleti, unakunywa unasikia kashata.

bi_hiliki
Marahaba mwanangu. Kwani kashata ina ubaya gani?

mtoto_wa_kyela
Nimefika kwa kuchelewa kama kawaida. Kichekesho ni kwamba mnatafuta chokoleti ya Ulaya wakati kakao inatoka hapa kwetu Kyela, gunia kwa gunia, inapelekwa ghala la chama cha ushirika inauzwa mnadani inaondoka, mtoto wa mkulima anakua hajaonja chokoleti. Bibi yangu ana miti na yeye kakao anaijua kama pesa ya ada tu.

Mimi nimejaribu kutoka mwanzo kabisa. Nilichukua mbegu zilizovundikwa vizuri siku sita na kukaushwa juani, hiyo ya kuvundika usiiruke maana mbegu mbichi ukikaanga ni uchungu mtupu. Nikakaanga kwenye chungu moto wa wastani kama karanga, dakika ishirini na kitu, nageuza, mpaka maganda yakaanza kulia pa pa na nyumba nzima ikanukia keki. Nikapepeta maganda. Kisha kinu. Mwanzo unatwanga unapata chengachenga, unakata tamaa, mkono unauma, halafu pale kinu kinapopata joto unaona mchi unaanza kunata, chenga zinalowa zenyewe bila kuongeza tone la kitu, dakika kumi baadaye una rojo jeusi linang'aa kama karanga za kusaga. Hapo ndo niliamini kwamba nusu ya ile mbegu ni mafuta, nilikuwa nasikia tu.

Nikatia kwenye maziwa na sukari. Ladha kali ajabu, nzuri, ina uchachu kidogo kama tunda. LAKINI ukifika chini ya kikombe unatafuna mchanga. Kiwandani wanasaga mpaka ulimi hausikii punje, kinu cha bibi hakifiki huko hata utwange mpaka Krismasi. Nikachuja na kitambaa cha chai, ikapungua, haikuisha. Kwa hiyo kwa ulinganisho, harufu namba moja, ulaini namba ya mwisho, na mkono wa kulia siku mbili haukushika kalamu.

keki_na_mambo
Mtoto wa Kyela hayo maziwa ya chengachenga ningeyanywa kwa furaha. Nitumie kilo mbili nilipie.

njombe_baridi
Jamani nimerudi na kilio. Nimepata chokoleti nyeusi ya kweli, lebo nimesoma mpaka macho yameuma, siagi ya kakao ipo. Nikasema niiyeyushe kwanza peke yake kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, imelainika vizuri kabisa, nikafunika na mfuniko nikaenda kumfungulia mtu geti. Kurudi imekuwa tope kavu! Imeshikana kama udongo wa kufinyangia. Pakiti yenyewe bei yake naona aibu kuitaja. Nimeitupa au nisiitupe?

keki_na_mambo
USITUPE. Mfuniko ndo adui, mvuke umepanda ukageuka matone yakadondokea ndani. Maji kidogo kwenye chokoleti iliyoyeyuka ni msiba, ile sukari na unga wa kakao vinalowa vinashikana. Ila maji mengi haina shida. Leta maziwa ya moto vijiko viwili vitatu, koroga kwa nguvu, ongeza tena, itafunguka. Kwa keki ingekuwa imeharibika, kwa kinywaji hujapoteza kitu maana si ulikuwa unaipeleka kwenye maziwa hata hivyo.

tanga_mpaka_lyon
Sahihi. Na ndo sababu mimi siyeyushi peke yake, namwagia maziwa juu moja kwa moja. Ukishaokoa endelea na vile vipimo, na ukiweza iache ilale kwenye friji usiku kucha. Kesho utakuta imeganda kama pudini, unapasha moto mdogo unaipiga tena, inakuwa nzito zaidi na ladha imetulia. Sehemu nyingi wanafanya hivyo.

limuru_mtu
Usiku kucha 😭 mimi nilisema dakika mbili.

njombe_baridi
Imefunguka!! Keki_na_mambo Mungu akubariki, nilitia maziwa kijiko cha tatu nikaona inaanza kung'aa nikapiga kelele jikoni.

Basi ripoti. Nimepika mbili kwa mpigo nikazigawa vikombe sawa bila kusema ipi ni ipi, ya Lyon na ya Limuru. Ya Bi Hiliki nitaifanya nikipata nazi nzuri, huku zinafika zimechoka, na ya Kyela nimeisoma tu nikaumwa bega. Watoto wote wawili walichagua ya Limuru na wakataka nyingine, kwao uzito ndo utamu na isiwe chungu. Mume wangu ya Lyon, ila aliongeza sukari nikageuka nisione. Mama mkwe alikunywa ya Lyon taratibu mpaka mwisho, akapangusa kikombe kwa kidole, kisha akauliza kama kuna andazi.

Mimi ya Lyon, bila mashindano, ni ileile ya dada. Ila gharama yake ni ya Jumapili, siku za kazi nitakuwa Limuru na ile nusu kijiko, NUSU nimesikia. Imebaki kama kikombe kimoja na nusu, nimeilaza kwenye friji kama mlivyosema, nimeiweka kwenye kopo la samli la zamani na juu nimeandika "dawa ya kikohozi, wakubwa tu".