Tupeane uzoefu: taimingi (wakati wa cheche kupiga) ya mashine ya boti ilipokusumbua, chanzo kilikuwa nini?

Nahodha wa Kilindoni
Habari zenu wakuu. Kusi limeshaanza kuvuma, na huu ndio msimu mashine zetu zinapoteseka. Inaniuma kuona mvuvi anauziwa sidiai mpya na koili mpya (vifaa vya umeme wa cheche), kumbe tatizo lilikuwa kichuma kisichozidi ukucha. Mwenye kisa cha taimingi kwenye mashine za petroli za kupachika akiweke hapa: dalili ilikuwa ipi, na mwisho mlikuta nini.

Naanza mimi. Mashine ya nguvu farasi 40, tu-stroki (mipigo miwili), silinda mbili, ya jamaa yangu. Ilikuwa ngumu kuwaka, kamba inarudi kwa nguvu mpaka inataka kukung'oa vidole, na kabureta inakohoa moto. Plagi ukizitoa zinapiga cheche ya bluu safi. Mafuta yanafika, mgandamizo ndani ya silinda upo. Sasa cheche ipo na mashine haitaki. Hapo ndipo ujiulize kama cheche inakuja kwa wakati wake.

Tuliivuta flaiwili, lile gurudumu zito la juu lenye sumaku, kwa pula, yaani kifaa cha kung'olea (nyundo usiikaribishe kabisa, inaua sumaku na beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Kile kichuma cha nusu mwezi kinachokaa kati ya krenki na flaiwili kilikuwa kimeliwa upande mmoja, flaiwili imehama. Jamani, kuhama kidogo si kidogo. Shafti ya kipenyo cha mm 25 ikihama mm 1 tu, umeshapoteza digrii 4 na nusu hivi.

Na kile kichuma hakishiki flaiwili, kinaionyesha tu mahali pa kukaa. Kinachoishika ni ule mchongoko wa krenki kubanana na tundu la flaiwili, na nati iliyokazwa sawasawa. Hii nati fundi aliyetangulia aliikaza kwa mkono baada ya kubadilisha koili za chini ya flaiwili. Tukasafisha pande zote mbili kwa petroli, tukakausha, hatukupaka grisi wala oili, kichuma kipya, nati ikakazwa kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha mashine. Ikawaka.

Fundi wa Kirumba
Mkuu umegusa penyewe. Huku ziwani nakutana zaidi na kisa kingine: mashine inawaka kwa mvuto mmoja, sailensa (mwendo wa chini bila kuvuta mafuta) imetulia, ila ukivuta mafuta inanguruma tu, haichanganyi. Wote wanakimbilia kabureta. Ile niliyoletewa jeti zilikuwa zimeshabadilishwa na watu wawili kabla yangu.

Mashine nyingi za zamani za tu-stroki, ukivuta mafuta kuna kifimbo kinachozungusha bamba lenye koili chini ya flaiwili, cheche iwahi kadiri mwendo unavyopanda. Niliwasha boti ikiwa majini, nikamulika flaiwili kwa taa ya taimingi (inamulika kila cheche inapopiga) huku mwenye boti anaongeza mafuta taratibu. Alama haikusogea hata kidogo. Kiungo cha plastiki cha kile kifimbo kilikuwa kimelika na kuchomoka. Na tusivutishe mashine mpaka mwisho ikiwa nchi kavu haina mzigo.

Mwana wa Matondoni
Yangu fupi. Mashine ya nguvu farasi 75, silinda tatu, kila silinda na koili yake. Baada ya kubadilishwa plagi ikaanza kupasua na kutetemeka. Nyaya za plagi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Sasa naziandika namba kwa rangi kabla ya kuchomoa.

Kijana wa Kibirizi
Shikamooni wakubwa. Sisi hatuna saa ya kupimia pistoni, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha pistoni ilipo. Nitajuaje kama alama za kwenye flaiwili zinasema kweli?

Nahodha wa Kilindoni
Marahaba mdogo wangu. Toa plagi zote, nyaya zake uzishikize kwenye chuma cha bodi ya mashine ili sidiai isiungue, na petroli iwe mbali. Chukua plagi mbovu, vunja kaure yake, mchomeleaji akuwekee bolti katikati yenye ncha ya duara. Ifunge kwenye silinda ya kwanza. Zungusha flaiwili kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse bolti, weka alama kwenye flaiwili mkabala na mshale. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni ilipo juu kabisa, na alama ya kiwandani iangukie hapo. Isipoangukia, ama mshale umesogezwa ama flaiwili imehama. Bisibisi usitumie, inakwaruza silinda na inaweza kukwama.

Mpemba wa Wete
Wapo wanaoiwahisha cheche makusudi ili boti ikimbie. Nimeifungua moja ya hizo: pistoni imetoboka katikati, pembeni imeyeyuka. Ilikuwa inagonga ikibeba mzigo, wenyewe wakidhani ni nguvu. Cheche ikiwahi mno, moto unaisukuma pistoni ingali inapanda, joto halina pa kwenda.

Nahodha wa Kilindoni
Ahsante kaka, hicho kisa kiwafikie vijana wote wa mashindano. Wenye foo-stroki (mipigo minne), ambako kompyuta ndiyo inayopanga cheche, bado hatujawasikia. Sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta krenki ilipo, ikianza kusumbua, dalili ya kwanza mliiona ipi?