Mjadala: Siku za theluji Marekani, zifidiwe Juni au zihesabiwe kwa saa?

Mleta mada (Columbus, Ohio)

Wakuu, heshima kwenu. Kila Januari theluji inapofunga shule swali hili linarudi: siku zilizopotea zifidiwe Juni, mwisho wa mwaka wa masomo, au masomo yahesabiwe kwa saa? Mara hii nalileta na hesabu zake.

Ohio iliacha kuhesabu siku kuanzia mwaka wa masomo 2014/15. Kabla ya hapo shule ilisamehewa siku chache za dharura, zikizidi lazima zifidiwe. Sasa sheria inadai saa: 910 kwa chekechea ya kutwa hadi darasa la 6, na 1,001 kwa darasa la 7 hadi la 12, bila kuhesabu muda wa chakula cha mchana. Chukua sekondari yenye siku 178 za saa 6.5. Jumla ni saa 1,157, ziada ni saa 156, yaani siku 24. Theluji ikifunga shule siku 8, hakuna mwalimu wala mtoto anayedaiwa kitu Juni.

Naunga mkono utaratibu huu. Mitihani ya jimbo hufanyika majira ya kuchipua, na ile ya Advanced Placement (masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari) hufanyika Mei kwa tarehe zilezile nchi nzima, iwe shule za Ohio zimefungwa siku 10 au za Florida hazijafungwa hata moja. Kipindi kilichopotea Januari kikirudishwa tarehe 12 Juni, kimerudi mtihani umeshapita.

Mshahara nao umelindwa. Kifungu cha 3319.08 cha sheria za Ohio kinasema mwalimu alipwe kwa muda wote uliopotea shule inapofungwa kwa mlipuko wa ugonjwa au janga la umma. Kifungu cha 3319.081 kinawapa haki hiyohiyo wafanyakazi wasio walimu.

Mchangiaji (Worcester, Massachusetts)

Hesabu yako ni sahihi, ila hiyo "ziada" ni kibali cha mtoto kukosa karibu wiki tano za masomo bila mtu kuulizwa. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Massachusetts inataka kalenda ipangwe siku 185 na shule ifundishe angalau 180. Zile 5 ni akiba. Najua akiba hiyo inaweza kuzidiwa: majira ya baridi ya 2014/15 Boston ilipata zaidi ya inchi 108 za theluji, kama mita 2.7, na shule nyingi zikasogea hadi mwishoni mwa Juni. Lakini kosa ni kuiweka akiba yote mkiani mwa mwaka.

Ipangwe hivi: Ijumaa moja ya Machi, Jumatatu mbili za Aprili, kila tarehe imetajwa kwenye kalenda tangu Agosti kuwa ni siku ya akiba. Isipotumika, inakuwa mapumziko. Na tarehe hizo ziingizwe kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kabla bodi ya shule haijapitisha kalenda. Bodi ikingoja hadi Machi ndipo itangaze kwamba inakata likizo ya Aprili, familia zimeshalipa tiketi, walimu wameshaomba ruhusa, walimu wa kujazia nafasi hawapatikani, na watoto waliobaki wanakusanywa ukumbini. Siku imehesabiwa, somo halikufundishwa.

Mchangiaji (Minneapolis, Minnesota)

Nyote wawili mmezungumza zaidi juu ya mwenye mshahara wa mwaka. Mwalimu wa dola 55,200 kwa mkataba wa siku 184 ana dola 300 kwa siku, na hundi yake haibadiliki shule ifungwe isifungwe. Msaidizi wa darasa wa dola 18 kwa saa, saa 6.5 kwa siku, asipolipwa anapoteza dola 117 kila siku ya theluji. Siku 5 ni dola 585, na kodi ya nyumba haingoji. Waswahili wengi huingia shule za huku kwa mlango huo: usaidizi wa darasa, udereva wa basi, jikoni.

Hapa Minnesota wilaya inaruhusiwa hadi siku 5 za kusomea nyumbani kwa mwaka. Wazazi waarifiwe angalau saa mbili kabla ya muda wa kawaida wa kuanza shule, na mwalimu apatikane kwa simu na mtandaoni saa zote za shule. Tangu 2023 sheria inataka siku hizo wafanyakazi wote walipwe saa walizopangiwa.

Mtego ni huu: kifungu hicho kinahusu siku ya kusomea nyumbani. Wilaya ikitangaza kufunga tu, unarudi kwenye mkataba wenu. Kwa hiyo mkataba utaje mambo matatu, kila moja peke yake: shule kufungwa, kusomea nyumbani, na kuchelewa kwa saa mbili, yaani shule kufunguliwa saa mbili baada ya muda wa kawaida. Hili la tatu husahauliwa sana, na dereva anayelipwa kwa saa ndiye anayekatwa.

Mleta mada

Nakubali kuhusu kutaja tarehe mapema. Kwa masomo ya mtandaoni bado nina shaka. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York liliwapeleka wanafunzi wake mtandaoni, na asubuhi ileile mfumo wa kuingilia ukakwama.

Kuchelewa kwa saa mbili kunaokoa zaidi. Uamuzi unafanywa kati ya saa 10 na saa 11:30 alfajiri: watu wa usafiri wanapita barabarani, mabasi yanawashwa mapema, maana dizeli isiyochanganywa kwa ajili ya baridi huanza kuganda kama nta kwenye nyuzi kumi hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Sherifu wa kaunti akitangaza ngazi ya 3, barabara zimefungwa kwa wasio wa dharura na hakuna la kujadili. Chini ya hapo, saa mbili za kusubiri magari yanayomwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji zinakuachia saa 4.5 za masomo.

Mchangiaji (Worcester)

Na chekechea ya nusu siku? Kipindi cha asubuhi cha saa tatu, ukikata mbili, kimekwisha. Wilaya nyingi hukifuta kabisa, kwa hiyo ni watoto walewale wa asubuhi wanaopoteza kila mara, wakati wa mchana wanasoma kama kawaida.

Mleta mada

Kweli, na kwa Ohio hao wanadaiwa saa 455 tu kwa mwaka. Kila mara ya pili shule inapochelewa kufunguliwa, kundi la asubuhi liletwe mchana, na mwalimu wao aandikiwe hivyo kwenye mkataba kabla ya Agosti.