Tupeane uzoefu: kula vizuri mfuko ukiwa umetoboka

Kijana wa Mbagala: Wakuu, salaam. Jana nipo gengeni nasubiri chenji, dada mmoja akaomba nyanya masalo, zile zilizopondekapondeka za bei chee, bila hata kushusha sauti. Nikakumbuka nyumbani tulivyolelewa. Sasa naomba mnipe uzoefu: mshahara umekata na mwezi bado, mnakulaje mlo wenye afya? Sisemi kushiba. Kushiba hata andazi na soda utashiba.

Mama Pacha: Dagaa wa Mwanza. Waoshe kwa maji ya moto mchanga utoke, kaanga na kitunguu, nyanya masalo hizo hizo, malizia limao. Wanaliwa na mifupa, watoto wanapata madini ya chokaa.

Mgeni Njia: Huku Nairobi tunawaita omena. Na sukuma pembeni, umemaliza.

Fundi Bomba: Dona. Mada ifungwe.

Mzee wa Sembe: Dona lako ukiliweka kidogo linakuwa chungu. Halafu mmesahau 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi? Kukoboa kunapunguza ile sumu.

Fundi Bomba: Linakuwa chungu kwa kuwa unasaga debe zima. Kile kiini kina mafuta, saga kidogo kidogo. Na mahindi yachambue kabla ya kwenda mashineni, yenye ukungu tupa. Wewe endelea na sembe, pumba zako wanakula kuku wa jirani, si unaona walivyonawiri?

Mzee wa Sembe: Kuku wa jirani wanakuhusu nini?

Bi Shamimu: Nyie mnagombania unga, mimi niulizeni habari za vibua. Mume wangu alipita Feri jioni, akakuta rundo linauzwa bei ya kutupa. Jua la Dar mnalijua. Akapanda nao daladala hadi Gongo la Mboto, na foleni ile. Mama mkwe naye ndiyo kwanza amewasili. Nikawakaanga wakakauka, nikawatia nazi, harufu mbaya hamna kabisa. Hata vyombo sijatoa, mama uso umeiva mwekundu, anajikuna, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Akamgeukia mwanawe: "Huyu mke ulimtoa wapi?" Wifi akashika simu. Isha haijaadhiniwa, ukoo mzima unajua nimemtilia mkwe kitu kwenye mchuzi. Kilichoniokoa ni kwamba na mimi nikaanza kujikuna. Zahanati, daktari swali la kwanza: mmekula samaki gani? Akatueleza vibua, jodari na jamii yao wakikaa kwenye joto wanajaa kitu kinaitwa histamini, na kikishajaa hata uchemshe kutwa hakitoki. Tukachomwa sindano, kukatulia. Ila mama mkwe hadi leo akija kwangu ni mchicha tu.

Mama Pacha: Pole shoga 😂 Umenikumbusha wifi yangu, basi tu.

Mtaalamu wa Kitaa: Hiyo ya histamini sawa, lakini lile jicho la mama mkwe sindano haitibu.

Kijana wa Mbagala: Wakuu, turudi kwenye mada jamani.

Muuguzi Mstaafu: Maharage loweka usiku, mkaa utapungua. Kisamvu kitwangeni na mkichemshe sana, kibichi kina sumu. Na chai msinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Kamulieni ndimu.

Fundi Bomba: Mimi bila chai ugali haushuki.

Mgeni Njia: Pandeni matembele kwenye viroba, hata uani yanaota.

Mama Pacha: Nilipanda. Wakala kuku wa jirani.

Mzee wa Sembe: Bi Shamimu, swali. Mumeo aliyenunua vibua, yeye alijikuna?

Bi Shamimu: Hakula. Alisema ameshakula kwa mama ntilie.

Mzee wa Sembe: Mama ntilie yupi?